Sentimita Arobaini za Bwana Kina

Msinione nazungumza kwa ukali; hasira zenyewe ni zangu mimi kwa mimi. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa fundi vipimo wa mhadhiri mmoja wa chuo kikuu, mtu aliyefundisha kupima bahari na kuvuna umeme kwenye mikondo yake. Wanafunzi walimwita Bwana Kina. Ukimuuliza, "Mwalimu, umeamkaje?" anakujibu, "Mita mbili juu ya matope." Basi hapo ujue ana furaha.

Alitaka kitu kimoja tu duniani: mtambo wa umeme uzamishwe kwenye mlangobahari alioupima tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ofisi yake ilikuwa chumba chenye dirisha lisilofunguka, ramani hadi chini ya meza. Wenzake wakijenga majina kwenye makongamano, yeye yuko ndani ya boti, ameshatapika mara mbili, anauliza, "Umeandika saa ngapi?" Hatimaye kampuni moja ikakubali. Ikabaki kupima mara ya mwisho.

Jamani, sikilizeni hapa. Kina unachopata ukiwa kwenye boti hakitoshi. Lazima upunguze humo kimo cha maji yaliyojaa saa ile. Hayo tunayasoma kwenye ubao wenye namba, uliofungwa kwenye nguzo ya gati. Ubao ukiguswa tu, sheria ya Mwalimu ilikuwa moja: kabla ya kuusoma, uulinganishe upya na alama ya shaba iliyochimbiwa kwenye jiwe pale ufukweni. Mwaka ule mafundi wa gati waliubandua ili wapake nguzo rangi, wakaurudisha. Nikatumwa mimi kuulinganisha. Jua kali, nikajisemea, ah, ubao si ni uleule? Nikajaza fomu kwa namba za mwaka uliopita, nikatia sahihi, nikaenda zangu kunywa chai.

Walikuwa wameurudisha juu zaidi kwa sentimita arobaini, kwa hiyo ukawa unaonyesha maji machache kuliko yaliyokuwapo. Kila kina tulichoandika kikazidi ukweli kwa kiasi hichohicho, na nafasi ya usalama tuliyoacha kati ya mapanga ya mtambo na matumbo ya meli ilikuwa sentimita thelathini tu; meli zingegonga.

Aligundua mwenyewe, wiki moja kabla ya mkataba kusainiwa, hesabu zilipokataa kulingana na za bandari. Akaenda gatini peke yake, akapima. Aliporudi akaniwekea fomu yangu mezani.

"Una watoto wadogo," akasema. "Nyamaza."

Kwenye kikao na kampuni akasimama, akasema kosa ni lake. Kampuni ikahamia mlangobahari mwingine. Akavuliwa ukuu wa idara, akapewa kufundisha hesabu za mwaka wa kwanza, na watu wakawa wanamcheka kwenye korido, eti mtaalamu mzima hajui kusoma rula. Alistaafu kimyakimya. Miaka miwili baadaye moyo ukasimama.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona mkewe. Wanangu wote wana kazi sasa, sina tena kisingizio. Nilikwenda kusema. Haki ya Mungu, nilikwenda kusema.

Akanikaribisha sebuleni, akaniuliza taratibu, "Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa naye siku zote. Hivi kweli alikosea?"

Nikaangalia sakafu. "Ndiyo, shemeji," nikasema. "Alikosea."

"Haya," akasema. "Basi nitawaambia wanangu waache kubishana na watu."