Maradhi ya Tarfa

Ukimuuliza Lazhar habari, atakwambia nzuri. Siku aliyomzika mkewe Zohra watu walimuuliza, akasema nzuri, alhamdulillahi, kisha akainama kufunga kamba za viatu na akakawia huko chini. Ndivyo tulivyo sisi wa Douz, kusini mwa Tunisia. Salamu ni mlango wa mbele, na kupitia mlango wa mbele mgeni haonyeshwi uvungu wa kitanda.

Ubaya wa jibu hilo ni kwamba linamaliza maneno. Binti yake wa pekee, Rawdha, ni muuguzi Ujerumani, huu mwaka wa nne. Alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya sala.

"Habari yako, baba?"

"Nzuri."

"Afya?"

"Alhamdulillahi."

"Kuna kitu unahitaji?"

"Uzima wako tu, binti yangu."

Dakika mbili hazijatimia, kwisha habari. Simu inarudi juu ya meza, na Lazhar anabaki na wiki nzima ya kukaa na kuta zake nne. Zamani hakuwa mtu wa kukaa. Kwa miaka arubaini, kila majira ya kuchipua, alikuwa akipanda mitende jike ya watu na kufunga kijiti cha ua la dume katikati ya mashada, ili mti ushike mimba. Nusu ya tende zilizoliwa mjini zilipita mikononi mwake kabla hazijawa tende. Halafu magoti yakagoma, na mtu asiyeweza kupanda mtende hapa kwetu huambiwa apumzike. Neno zuri hilo, apumzike. Maana yake ni kwamba hakuna atakayebisha hodi kwako.

Alibaki na Tarfa. Tarfa ni slugi, jamii ya mbio na mawindo, mwenye rangi ya mchanga na miguu mirefu, na huku slugi haitwi mbwa. Mwite mbwa mbele ya mwenyewe, kisha utafute pengine pa kunywea chai. Rawdha ndiye aliyemchagua angali kitoto, mwaka mmoja kabla hajasafiri, akamlisha maziwa kwa kidole. Alipoondoka alilia mara mbili, mara ya pili akiwa ameinama shingoni mwa Tarfa.

Ijumaa moja, maneno yalipokuwa yanakauka kama kawaida, Lazhar alitamka bila kupanga, "Tarfa jana hakula."

Na ilikuwa kweli. Joto lilikuwa kali, mnyama alisusa bakuli mpaka jua likazama. Lakini simu ile ilichukua dakika arubaini. Alilala vipi? Pua yake kavu au mbichi? Macho je? Rawdha alipiga tena Jumamosi, akapiga Jumapili, akampigia na daktari wa mifugo, binti mmoja aitwaye Sihem aliyefungua kliniki karibu na soko la ngamia. Lazhar alijikuta ana mazungumzo siku tatu mfululizo. Mwenye njaa hafundishwi njia ya jikoni.

Tangu hapo Tarfa akawa mgonjwa. Mwezi mmoja alichechemea, ingawa alikuwa anakimbiza sungura. Akapigwa eksirei, mfupa hauna neno. Mwezi mwingine jino likamuuma, akachomwa dawa ya usingizi, meno yakakwanguliwa, na siku nzima alitembea anagonga ukuta kama mlevi. Damu ilitolewa mara nne. Kila safari Lazhar aliomba gari la jirani yake Mahrez, mwenye pikapu na ulimi mrefu.

"Huyu kiumbe wako anajua hospitali kuliko mama mkwe wangu," alisema Mahrez. "Na mama mkwe anaumwa kweli."

"Endesha gari, Mahrez."

"Naendesha. Kwani nimeshika nini, tasbihi?"

Tarfa alikuja kuujua ule mlango wa kliniki. Walipofika kwenye kona ya soko alianza kutetemeka, na Lazhar alimshika kichwa akatazama upande mwingine. Aibu aliijua. Ila alikuwa amefika pale ambapo mtu anaijua aibu yake na anaipisha njia.

Katikati ya baridi alimpandisha Tarfa kwa dume wa binamu yake wa Zaafrane, mwindaji wa ukoo. Siku ya thelathini daktari alimpitishia altrasaundi mara moja. Vitoto vitano, mioyo inapiga.

"Sasa ami Lazhar, mwache," alisema Sihem. "Mlishe vizuri, atembee, mwache. Mwenye mimba kila ukimgusa bila sababu unamtia hatarini. Dawa ya usingizi ndiyo usiniombe kabisa. Ukiona ute wa kijani kabla ya kuzaa, hiyo ni dharura, kimbia. Vinginevyo tuonane akishazaa."

Lazhar alitikisa kichwa. Hilo alikuwa akiwaambia vijana miaka yote. Ukishafunga kijiti, shuka. Anayepanda kila siku kuangalia kama mti umeshika ndiye anayeziangusha tende.

Lakini furaha nayo ina hasara zake. Kwa vile Tarfa alikuwa mzima, simu zilirudi dakika mbili. "Vizuri baba, nimefurahi, basi Ijumaa." Ijumaa moja Rawdha alikuwa zamu. Ijumaa iliyofuata alituma ujumbe tu. Lazhar akaacha kupika. Hakuamua, aliacha tu, na mchuzi wa jana akammiminia Tarfa. Asubuhi alilala macho yakiwa wazi mpaka jua linafika miguuni. Mchana alikaa akitazama mlango.

Siku ya hamsini na tano ya mimba alimbipu Rawdha, kama desturi yao, naye akapiga.

"Tarfa hali, siku ya tatu," alisema Lazhar. "Asubuhi haamki. Anaangalia mlango tu."

"Ni mimba hiyo, baba, imekuwa nzito. Mpe muda." Nyuma yake kuna mtu alimwita kwa lugha ile. "Baba, naitwa, nitakupigia."

Lazhar aliona simu inamponyoka mkononi. "Na ametoa ute wa kijani," alisema.

Kisha sauti ya Rawdha ikaja imebadilika, sauti ya kazini. "Mpeleke sasa hivi. Nampigia daktari. Wakimpasua, mimi nakuja. Umenisikia? Naomba ruhusa leo, nakuja."

Nakuja. Neno hilo alikuwa hajalisikia miaka minne. Lazhar alikaa kitandani akiwa ameliweka moyoni, na ninyi mlio na watoto karibu msimcheke. Ndipo alipomuona Tarfa amelala mlangoni, tumbo limejaa, akijilamba mguu kwa raha zake.

Kliniki walimkuta Sihem ameshavaa glavu. Alipima joto, sawa. Alipitisha altrasaundi, mioyo mitano inapiga vizuri. Alimkagua nyuma, pakavu. Tarfa alitetemeka mpaka kucha zikawa zinagonga meza ya bati. Simu ya Rawdha ilikuwa hewani, imewekwa karibu na kichwa cha mnyama, inasema, "Tarfa, mama, tulia."

"Sioni kitu," alisema Sihem, "lakini hujilamba, huenda amesafisha. Kama ute ulitoka, kondo la nyuma limeachia na vitoto vinakufa kimoja kimoja. Tukisubiri tunavipoteza. Tukipasua leo, siku ya hamsini na tano, mapafu hayajakomaa. Labda vyote visipumue. Na mwenyewe akilala kwa dawa sina ahadi ya kumwamsha. Nisingegusa, ami Lazhar, kama si neno lako. Umeuona ute kwa macho yako?"

"Daktari, baba yangu hawezi kusema uongo," ilisema simu. "Mpasue. Nimeshakata tiketi. Nimemwambia mkuu wangu slugi wetu anapasuliwa, amenipa siku nne papo hapo. Kesho saa tisa nipo uwanja wa ndege wa Djerba."

Kesho saa tisa. Lazhar alimtazama Sihem akichukua mashine ya kunyolea na kulazimisha mguu wa Tarfa unyooke. Ukanda mdogo wa manyoya ulianguka. Angeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi aliyoizoea kuliko zote, na safari hii kungemletea mtoto wake mlangoni. Nani angejua? Sindano ilipotolewa kwenye karatasi, Tarfa aligeuza kichwa akaingiza pua ndani ya kiganja cha Lazhar, palepale alipozoea kujificha.

"Sikuona," alisema Lazhar.

"Nini, ami?"

"Ute. Sikuona. Hakuna ute."

Sihem aliiweka sindano chini polepole. Simu ndiyo iliyouliza. "Na kutokula?"

"Anakula. Anakula chake na changu."

"Na mguu? Na jino? Baba, alilazwa kwa jino."

"Hakuwa na kitu."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Lazhar iliishia hapo juu ya meza ya bati. Alisubiri matusi, maana matusi nayo ni maneno. Rawdha alisema tu, "Basi siku nne nitazirudisha," na simu ikakatika.

Sihem alivua glavu. Hakumkemea. Alisema, kama anayejisemea, "Kila ulipomleta sikuona kitu, na kila mara nikafanya kitu. Na mimi nina kosa langu."

Njiani Mahrez alifungua mdomo, akamtazama Lazhar, akaufunga. Hilo halijapata kutokea tena.

Ijumaa ilipita bila simu. Siku ya sitini na mbili, jua limeshatoka, Tarfa aliburuta burnusi, joho kuukuu la sufi la Lazhar, mpaka pembeni mwa sanduku la Zohra, akazaa juu yake. Watano. Lazhar alikaa mbali juu ya kigoda, mikono kati ya magoti, asimguse. Walipokwisha kujipanga matitini, alitazama huku na huku atafute wa kumwambia. Kulikuwa na sanduku na ukuta.

Alichukua simu akapiga. Hakubipu, aliiacha iite. Maisha yake yote hakuwa amempigia mtu bila kuwa na mgonjwa wa kumtaja.

"Nani anaumwa?" alisema Rawdha.

"Hakuna. Tarfa kazaa. Watano. Peke yake, hakuna aliyemgusa."

"Vizuri."

Hakuna aliyekata. Lazhar alisikia magurudumu ya kitanda yakipita mahali fulani mbali, na mlango.

"Baba," alisema Rawdha. "Nimefikiri wiki nzima. Mguu ulitunga, jino ulitunga, sawa. Lakini hali chakula, haamki, anaangalia mlango. Mimi muuguzi. Hayo hayatungwi. Uliyatoa wapi?"

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lazhar alivuta pumzi aseme lile jibu lake, nalo lilikuwa tayari mdomoni, limelainika kwa kutumika.

"Hayakuwa ya Tarfa," alisema.



"Leo umekula nini?"

"Chai."

"Jana?"

"Chai, na tende mbili."

"Mayai yapo?"

"Yapo."

"Weka simu mezani, usikate. Kaange. Nina dakika ishirini za mapumziko."

Lazhar aliwasha jiko. Alimimina mafuta ya zeituni, akakata nyanya, akatia pilipili ya kusaga, akavunja mayai mawili. Hawakuzungumza. Yeye alisikia viatu vya watu asiowajua vikipita, na binti yake alisikia kijiko, kiti kikivutwa, bismillahi, kisha baba yake akitafuna.

Dakika ishirini zilikwisha yeye bado hajamaliza, simu ikakatika na kuzima taa yake. Aliitazama. Kisha akamega mkate, akaendelea kula mpaka akaifuta sahani, taratibu, kama mtu anayesikilizwa.