Mshono Ndani ya Plastiki

Usimwone Mama Cherehani na kitambaa chake cha vumbi ukadhani hajui kinachoendelea mle chumbani. Miaka kumi na tisa alishona sare za shule, mpaka mgongo ukamgomea, ndipo mdogo wake akamtafutia kazi ya usafi kwenye maabara ya leza. Alianza na kupiga deki. Baadaye wakampa kazi ya kusafisha vipande vya plastiki, vile vinavyoonyesha kama maji, kabla havijawekwa mashineni. Kazi hiyo aliipenda, we acha tu!

Mashine yenyewe ilikuwa na maajabu. Mwanga wake unapiga mapigo mafupi mno, maelfu kwa kufumba na kufumbua, unapenya juu bila kuacha hata mkwaruzo, unakwenda kuchora mstari katikati ya plastiki. Mstari ukitoka safi, taa ikimulikwa upande huu, mwanga wake unaufuata mstari na kutokea upande wa pili. Lakini wiki tatu nzima mistari ilitoka imeungua, imejaa mapovu meusi. Daktari, mkuu wa maabara, akazidi kupunguza mwendo wa meza inayobeba plastiki, akisema kazi nzuri haitaki papara. Kikabaki kipande kimoja. Kikiungua na hicho, chumba wanapewa watu wengine, na Mama Cherehani anarudi kupiga deki korido.

Akaomba kuchungulia yale mapovu kwenye hadubini. Jamani, si haya anayajua! Ukizuia kitambaa huku cherehani inakimbia, sindano inachoma palepale mpaka kitambaa kinajikunja na kutoboka.

“Daktari mwanangu, umezuia kitambaa,” alisema. “Iache meza ikimbie.”

Daktari akacheka. Kisha akaacha kucheka. Alichukua karatasi, akapiga hesabu, akaongeza mwendo mara hamsini. Meza ikapita fyuu, kazi ikaisha kabla Mama Cherehani hajameza mate.

Akakifuta kipande, akakiweka chini ya hadubini. Hakuna povu hata moja! Daktari akamulika taa nyekundu upande huu, na upande wa pili kikawaka kidoa chekundu, kidogo kuliko tundu la sindano. Mama Cherehani alipiga kigelegele, jengo zima likasikia.

Daktari aliinuka kwenye kiti cha mashine, kiti ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukikalia.

“Kaa, mama. Vipande vipya vikija, unachora wewe.”

Akakaa. Akauliza kitufe cha kwanza ni kipi.