Shati la Afande

Mwanangu, nimekasirika, wala sitaficha. Jana hapa Nyamirambo, mlangoni kwa kinyozi, nimekusikia ukiwaambia wenzako kwamba baba yako alimshonea shati Afande, yule aliyeliongoza jeshi letu kisha akaiongoza nchi. Wakakupigia makofi. Kaa chini unisikilize.

Siku yenyewe naikumbuka vizuri. Nilikuwa fundi kijana mwenye cherehani ya kuazima, na jeshi lilikuwa limeingia Kigali karibuni. Afande alipita barabara ya juu kwa miguu, mwembamba, buti zimejaa vumbi. Mimi niliona mgongo wake tu. Basi! Hayo ndiyo yote ninayoyajua juu ya maisha ya mtu yule.

Lakini mjinga mimi nikasema nilimshonea kifungo cha shati, tukazungumza. Watu wakajaa dukani kwangu kusikiliza, nami kila siku nikaitia hadithi chumvi zaidi.

Ndipo akaja Mama Kalisa, jirani yetu wa bondeni, amebeba agaseke, kile kikapu chetu chenye mfuniko wa ncha, kimejaa unga wa mtama. Mwanawe alikuwa amekwenda kupigana na hajarudi.

"Wewe ulikaa na Afande," akaniambia. "Mutoto yangu Kalisa, alimusema? Iko muzima?"

Watu walikuwa wakinitazama. Niliona haya kusema sijui. Nikajibu, "Iko muzima, mama. Afande alimutuma masomo ya mbali."

Alilia kwa furaha, akaniachia kikapu na unga wake, nami nikaula. Nikaula, mwanangu! Yeye akapaka chokaa chumba cha Kalisa, akamnunulia godoro, akangoja mwaka mzima. Kisha akaja askari anayetembelea fimbo, aliyemzika Kalisa kwa mikono yake huko milimani, siku za mwanzo kabisa za vita.

Mama yule alirudi dukani bila kelele. "Nipe agaseke yangu."

Desturi yetu unaijua, kikapu cha mtu hakirudishwi kitupu. Nikakimbilia kutia maharage. Akanishika mkono. "Usiweke kitu." Akaondoka nacho hivyo hivyo, watu wote wanaona. Hakuitikia salamu yangu tena mpaka alipokufa.

Nami sikuwahi kusimama mbele za watu nikasema nilidanganya. Ndiyo maana uongo ule umekufikia wewe, na hasira hii nusu yake najikasirikia mwenyewe.

Walioishi na Afande wapo, waache wasimulie maisha yake. Wewe sema ulichokiona, na usichokijua sema sijui, hata kama duka limejaa watu. Mahali pengine kuna mama anayekusikiliza, naye ataenda kununua godoro.

Sasa vaa viatu, twende kwa kinyozi. Nitasema mimi mwenyewe, wewe usimame karibu yangu. Mungu akupe ulimi usioona haya kusema sijui, na kila kikapu utakachotoa kwa watu kikurudie kimejaa.