Mbwa Aliyechanjwa Dawa ya Nyoka

Jumanne, tarehe 9 Novemba 1976. Mawingu yalisimama upande wa Runzewe tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki, na joto lilikuwa lile la kuwatoa nyoka mashimoni.

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Ushirombo, nyoka hauawi. Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wa bayeye, wale mafundi wa nyoka waliochanjwa dawa, na aliyechanjwa hawezi kumwua nyoka wala kuishi kwenye mji unaomwua. Mimi nilisoma kwa mapadri hadi darasa la nne, na jambo hilo sikulipenda. Lakini niseme haki: miaka yote niliyokaa pale hakuna mtoto aliyeumwa. Mbwa ndio walioumwa. Wawili walikufa. Huyu jike wa tatu nilikuwa namfunga kamba kila joto lilipozidi, akishamaliza kunyonyesha, maana watoto wake wachanga walilala chini ya kihenge cha mtama na panya wa kihenge huwavuta nyoka, naye angepambana nao.

Mchana akaanza kubweka kwa sauti nyembamba. Nikatoka. Swila alikuwa kati ya mawe yanayobeba kihenge, shingo ameitandaza, karibu kabisa na vitoto. Nikachukua jembe.

"Weka chini," mama mkwe akasema nyuma yangu. "Huyo mgeni. Nitamtoa."

"Mayu," nikasema, kama wenyeji wanavyomwita mama, "atawamaliza."

"Unamtisha na jembe lako. Wewe ukipokelewa na jembe mlangoni utakaa kwa amani?"

Alitafuna mzizi wake wa dawa, akachukua fimbo yenye panda, akaenda ameinama, akimsemesha nyoka kwa Kisukuma, polepole, kama anayebembeleza mtoto alale. Nikasimama na jembe langu. Labda ningempiga ningemkosa. Labda ningempata. Sijui hadi leo. Fimbo ilikuwa imekaribia kumbana shingo, swila akainuka juu zaidi, na hapo kamba ya mbwa ikakatika.

Hakwenda kwa watoto wake. Alijitupa mbele ya miguu ya mama mkwe. Swila akamtemea machoni, kisha akamuuma begani, akateleza kwenye nyasi akaenda zake.

Mbwa alizunguka akisugua uso mchangani. Tukamkamata wote wawili, nikamwosha macho kwa maji ya mtungi, mtungi mzima, naye analia. Bega likawa linavimba tunaliona.

"Ile dawa, mayu," nikasema.

"Dawa ni ya walioingia chama cha bayeye."

"Basi mwingize."

Akanitazama kama nimeutukana ukoo. "Mbwa? Nimfundishe na kucheza ngoma yetu ya nyoka?"

"Amekuja kwako, mayu. Hakwenda kwa watoto wake."

Mama mkwe hakuwahi kumpenda mbwa huyo. Alimwita mwizi wa mayai, na kusema kweli alikuwa mwizi wa mayai. Akageuka akaingia ndani, nikadhani amekataa, kumbe akatoka na wembe na kipembe chenye dawa nyeusi.

"Shika kichwa. Akining'ata namwacha."

Akamchanja kuzunguka jeraha, akamchanja na sikioni, akasugua dawa. Halafu akainama kwenye sikio lile akamtajia masharti yote ya bayeye, moja baada ya jingine, bila kuruka. Sikucheka. Moyoni nilikuwa nasali Salamu Maria, kwa hiyo mtu akiniuliza kilichomponya ni nini, siwezi kuapa.

Alasiri yote mbwa alihema kwa shida, povu mdomoni. Tuliwaweka watoto kwenye chuchu, akawaacha wanyonye bila kuwalamba. Mama mkwe hakuondoka pale. Mume wangu aliporudi kutoka Runzewe alisema huenda swila alishamaliza sumu kwa kutema, jino likaingia juu juu tu. Huenda naye alisema kweli.

Jua likielekea kuzama, mbwa akainua kichwa, akamlamba mtoto mmoja.

"Aliyeingia huchinjiwa," mama mkwe akasema, akaenda kumkamata jogoo wake mwenyewe.

"Sasa huyu atatulindaje," mume wangu akauliza, "na amekatazwa kugusa nyoka?"

"Muulize mwenyewe. Tena anza na shikamoo. Yeye ameingia, wewe bado."

Jioni ile tulikula ugali wa mtama na yule jogoo, na mbwa akalamba mchuzi kidogo kwenye kiganja cha mama mkwe.