Nilivyokwenda Troyeville Kutuliza Tela la Mwanangu

Nilitoka Tanga kwa sababu ya simu moja. Binti yangu Mwanaidi alikuwa amejifungua Johannesburg, na katika kunipa habari za mtoto akasema nyumba yao inamtia kichefuchefu. Nyumba yenyewe ni tela la kuishi, lenye vitanda na jiko, lile ambalo pua yake hupandishwa juu ya pikapu likivutwa. Wameliegesha uani kwa watu, mtaa wa Troyeville, na mtu akijigeuza tu kitandani linayumba lote. Mama mkwe wake, Bi Rehema, alikwisha kusema kwamba likiendelea hivyo atawachukua mzazi na mtoto kwake mpaka arobaini iishe. Mwanaidi hakutaka kutengana na mumewe. Nikamwambia atulie, baba yake ameendesha malori maisha yake yote, anakuja kulitengeneza mwenyewe. Heri ningefunga mdomo.

Dar es Salaam nilipanda basi la kusini. Tunduma tulipanga foleni, Zambia ikapita dirishani, na tulipovuka Limpopo abiria mwenzangu alikuwa ameujua mpango wangu wote kwa moyo, maskini, wala hakuwa ameuliza.

Johannesburg tulifika asubuhi, baridi ikitia meno ganzi. Alinipokea mkwe wangu Themba. Mama yake, huyo Bi Rehema, ni mtu wa Morogoro aliyeolewa na mpigania uhuru wa Afrika Kusini kisha akamfuata kwao, kwa hiyo Themba Kiswahili anacho. Ni kijana wa adabu sana. Alinipokonya begi, akawa anasema nami macho chini.

“Tukivuka robot ile ya mbele tumefika, baba,” akaniambia, akinionyesha taa za barabarani.

Adabu hiyo ndiyo iliyoniponza. Kabla hata ya chai nililizunguka tela nikiyapiga matairi teke. Lina miguu minne ya chuma, miwili minene mbele, miwili myembamba nyuma. Nikaamua tulinyanyue lote kwa miguu hiyo, matairi yaelee, kama lori linavyopandishwa juu ya magogo gereji. Nikamuuliza Themba kama sivyo. Akajibu kwamba mimi ndiye baba. Nikaichukua kama sifa, nikazungusha spana kwa nguvu zaidi.

Mchana Bi Rehema alikuja na sufuria ya uji wa mzazi. Mimi mwenyewe nilimkaribisha ndani, nikamwambia atembee, hata akitaka kucheza ngoma acheze. Ni mama mwenye mwili wake. Alipofika karibu na kitanda tukasikia chuma kikilia. Mguu mmoja wa nyuma ulipinda, tela likaanguka upande mmoja kwa kishindo, uji ukamwagika sakafuni. Mwanaidi alimkumbatia mtoto kifuani, wote wawili wakilia. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu.

Bi Rehema hakunigombeza. Alimfunika mtoto vizuri, akamwambia Mwanaidi, “Twende, mwanangu.” Binti yangu alipita mbele yangu bila kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Themba alipiga magoti akaanza kufuta uji. Nikamuuliza kama alijua miguu ile haibebi uzito.

“Nilijua, baba. Ile ni ya kushikilia tu.”

“Mbona hukusema?”

“Eish, baba. Wewe ni baba wa mke wangu. Ningekupingaje?”

Uso uliniwaka moto. Mimi nami sikuwahi kumpinga baba mkwe wangu hata siku moja. Kisha akaenda nyuma ya tela, akafunua gunia. Chini yake palikuwa na mbao, kabari za chuma na jeki ya miguu mitatu. Alikuwa amevinunua zamani, akaviweka kando aliposikia nakuja.

Kesho yake yeye aliongoza, mimi nikamshikia vyombo. Tulishusha tela, tukapitisha mbao chini ya matairi mpaka likakaa sawa, tukabana kabari katikati ya matairi ya kila upande. Ile jeki tukaisimamisha chini ya pua, pale panaposhikwa na pikapu. Mguu uliopinda tuliubadilisha, na miguu ya nyuma ikashushwa baada ya vyote, iguse mbao na kukaza kidogo tu. Mkono ukaniwasha, nikataka kuongeza mzunguko mmoja. Themba akanishika kiganja.

“Hapana, baba. Imetosha.”

Nikaachia spana.

Siku ya kuondoka kwangu Bi Rehema alimrudisha mzazi. Aliingia kwanza peke yake, akatembea kutoka mlangoni hadi kitandani, akarudi akikanyaga kwa nguvu. Tela likatulia. Akampa Mwanaidi mtoto wake, kisha akanimiminia chai. Niliinywa bila kuinua macho.

Nimerudi Tanga, na aibu ile haijaniisha. Watu wakiuliza nasema aliyelituliza tela ni mkwe wangu. Juzi mkwe wangu mwingine, wa hapa nyumbani, alinikubalia jambo haraka mno. Nilimvutia kiti, nikamwomba aketi aniambie anachokificha.