Pini Katika Ndevu za Fundi Harbans

Sauti ya Harbans Singh ulikuwa unaisikia Makongeni na yeye yuko kiwandani. Sikudanganyi. Alikuwa fundi mkuu wa kiwanda cha mbao hapa Thika, na msumeno mkubwa ukianza kulia, yeye peke yake ndiye aliyeweza kuushinda. Gogo likiteleza anapaza sauti, "Toka!" na sisi tunaruka. Vidole hivi vyangu unavyoviona vimebaki kwa sababu ya koo lake.

Mwaka wa hamsini na saba koo likaanza kukwaruza. Akanywa tangawizi ya mkewe Jasbir mpaka akaichukia, na sauti ikazidi kwenda, ikabaki pumzi tupu. Daktari wa Nairobi akamwingizia kioo kidogo kooni, akatoa kinyama, kikapimwa. Kansa. Sasa eksirei ndiyo ingeonyesha imefika wapi. Ikiwa kwenye uzi mmoja wa sauti, unakatwa huo tu. Ikivuka, kisanduku chote cha sauti kinatoka, na fundi asiyeweza kusema "toka" hana kazi kwenye msumeno.

Nilipelekwa mimi, Kagwe, niwe mkalimani. Usicheke. Watu wa msumeno tunasomana midomo mchana kutwa, kwa hivyo mzee akichezesha tu midomo mimi nishaelewa.

Kwenye chumba cha eksirei mpiga picha akasema vyuma vyote vitoke. Harbans akatoa saa, akatoa kalamu, lakini bangili ya dini yake akakataa katakata. Wakabishana wee, mimi natafsiri mpaka matusi, ingawa makali nilipunguza kidogo. Mwisho bangili ikaachwa mkononi, kwani mkono si shingo. Kila mmoja akajiona ameshinda.

Daktari akainua picha kwenye taa. Chini ya kidevu kulikuwa na mstari mweupe, umenyooka.

"Singh, ulimeza sindano lini?"

Harbans akapapasa ndevu zake, zilizokunjwa na kubanwa chini ya kidevu kama Kalasinga yeyote nadhifu. Midomo ikasema: pini ya Jasbir. Haki ya Mungu, tulipigania bangili muda wote ule na pini imejilalia kwenye ndevu!

Ndevu zikafunguliwa, zikamwagika kifuani, kazi ikaanza upya. Safari hii mashine ilipita polepole ikipiga koo kipande kwa kipande, naye akaambiwa avute "iii" bila kukatiza ili nyuzi zikutane. Mtu asiye na sauti! Alijikaza, ukatoka mlio wa bawaba kavu. Mimi nikatazama ukuta. Niliogopa sana, kwa ajili yake na, nisikufiche, kwa ajili ya vidole vyangu.

"Uzi mmoja," daktari akasema baadaye. "Wa kulia peke yake."

Alikatwa, akapona, akarudi kazini. Meneja akataka kwanza ajaribiwe, kama hawezi kusikika aende stoo akahesabu misumari. Msumeno ukawashwa. Wenzangu wote walikuwa wamemkazia macho kwenye midomo, wanataka kumsaidia. Mimi nikageuka, nikampa mgongo, nikasimama pale pale ambapo kila siku alinikataza kusimama.

Ikaja. Imechanika, mbaya kuliko ya kunguru, lakini ilinifikia.

"Kagwe, toka hapo, mjinga wewe!"

Nikatoka.