Alikuja Kuniombea Masomo, Akaondoka Mchumba Wangu

Mwenye kisa hiki ni msomaji wetu wa Temeke. Ametuomba tumfiche, nasi tumebadilisha majina yote. – Mhariri

Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, mtoto wa kwanza wa fundi seremala aliyehamia hapa Temeke kutoka Lindi. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikikosa adabu mahali, mnisamehe.

Nilimaliza darasa la sita, baba akasema inatosha. Nikakaa nyumbani kuchambua mchele mpaka walipokuja vijana wetu wanaosoma chuo kikuu huko Uganda. Kila likizo wanawafundisha vijana wa huku Kiingereza na hesabu bila malipo, wavulana asubuhi, wasichana baada ya alasiri, kwenye baraza ya mjane tunayemwita Bi Mwajuma. Ubao wetu ni mlango wa zamani uliopakwa masizi. Mwalimu wetu, nitamwita Idrisa, ni mtu wa bara, Mwislamu kama sisi, na sitamnyima haki yake: kufundisha anajua. Alikuwa mkali sana kwa mwanafunzi anayeitikia ndiyo bila kuelewa. Alisema heri useme hapana kuliko kumdanganya mwalimu.

Ni yeye aliyeniambia ninaweza kufanya mtihani wa kuingia mafunzo ya uuguzi, ila hospitali inataka ridhaa ya mzazi. Niliogopa kumkabili baba. Idrisa akasema atakwenda mwenyewe kuniombea, na mimi mjinga nikamshukuru mpaka machozi yakanitoka.

Sasa sikieni alivyokuja. Hakuuliza mtu desturi za hapa, maana msomi haulizi. Alivaa kanzu, akamwomba mzee mwenye nyumba anayopanga amsindikize, na kwa kuwa kwao mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu, akamnunulia baba kitambaa kizuri cha kilemba. Kijana hajaoa, mzee ametangulia, kilemba kipo mkononi, na ndani kuna mwari. Mtoto yeyote wa Temeke angemwambia kwamba hiyo ni posa. Hata yule mzee aliyemsindikiza aliamini hivyo, akafungua mazungumzo kama mshenga, kwamba kijana wake ameona ua katika nyumba hii.

Mimi na mama tulikuwa nyuma ya pazia. Nilingoja Idrisa aseme kwamba wamekosea. Baba mdogo akaanza habari za mahari, Idrisa anatazama mkeka. Wakauliza ukoo wake, akaueleza. Mwishowe baba akamgeukia.

"Mwanangu, mzee wako tumwelewe hivyo?"

"Ndiyo, mzee wangu," akajibu.

Machozi yalinitoka hapo hapo. Mama akanikumbatia, akidhani ni ya furaha.

Kesho yake nilimfuata barazani mbele ya Bi Mwajuma, nikamwuliza amefanya nini. Akasema alishtuka, na asingeweza kuwakatiza wazee kauli, angeonekana hana adabu. Aliapa kwamba atalirekebisha kabla hajaondoka. Hakurekebisha kitu. Alipanda gari moshi akarudi chuoni, akaniachia salamu kwa mwalimu mwenzake aliyebaki nyuma kidogo kwamba nivumilie, mambo yatapoa.

Hayakupoa. Majirani walikuja kunipa hongera. Darasani nilikatazwa, kwa sababu msichana aliyeposwa hafundishwi na wenzake wa mchumba wake. Nilipopata ujasiri wa kumwomba baba ile ridhaa ya hospitali, hakukasirika hata kidogo. Alicheka kwa upole.

"Mie sina kauli tena juu yako," akasema. "Akirudi, muulize mwenyewe."

Basi nikamngoja yule yule aliyeniharibia, nikijua kwamba sasa ruhusa iko mkononi mwake na kwamba deni hili atalilipa. Amerudi likizo hii. Bi Mwajuma alitukutanisha uani kwake. Nilimwambia: kama unaona aibu kuwaambia wazee ukweli, basi angalau nipe ridhaa nikafanye mtihani, mengine tutayamaliza baadaye.

Akaniambia amefikiri sana. Mama yake huko bara amefurahi. Kwa kuwa mambo yamefika hapa, tuoane tu. Na habari za hospitali niziache.

"Mke wangu akeshe na wagonjwa wanaume? Watu watanionaje?"

Ndugu wasomaji, mtu huyu huyu alinifundisha majina ya mifupa ya mwili kwa Kiingereza. Alinisifu mbele ya darasa. Alisema nchi hii inahitaji wauguzi wake yenyewe. Nilimtazama nikaona simjui. Ningekuwa na ule mlango wa masizi karibu ningemwangushia.

Nimemwambia mama ukweli wote. Amelia, lakini anasema nikifungua mdomo nitakuwa nimemvua baba nguo mbele ya ndugu zake, tena bure, kwa kosa lisilo lake. Bi Mwajuma ana hofu nyingine. Wasichana wenzangu bado wanasoma pale, na wazazi wao wakisikia kwamba walimu huja kwa jina la masomo wakaondoka na wachumba, baraza itafungwa. Wote wawili wana haki, na hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba kosa amefanya mmoja na kunyamaza natakiwa mimi.

Baada ya Idi wazee wanakuja kukabidhi mahari. Baba atauliza mbele yao kama nimeridhia, nami natakiwa ninyamaze nyuma ya pazia, kimya changu kihesabiwe kuwa ndiyo. Likizo nzima yule mwalimu alinifundisha kusema hapana.

Mlio wazazi na mlio wasomi, naomba shauri lenu kabla ya siku hiyo: nilifungue pazia niseme, au nimlinde baba na lile darasa? Nitasoma kila mtakaloandika, hata la kunitukana. Ila asiniambie mtu nivumilie, hilo ameshaniambia yeye.